Ng'ombe Kafa Ghafla? Weka Kisu Chini Kwanza

Simu yenyewe huja alfajiri: "Dokta, dume jana lilikuwa zima, leo tumelikuta limekufa. Mchinjaji yuko njiani." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayonitoa kitandani mbio.

Mimi ni afisa mifugo, mizunguko yangu ni Chanika, Pugu na Kigamboni, Dar es Salaam. Ng'ombe wa huku wengi wametoka mikoani kupitia mnada wa Pugu, kwa hiyo usiseme kimeta (anthrax), ugonjwa wa bakteria unaoua mifugo ghafla na kuambukiza watu, ni wa Arusha na Kilimanjaro tu.

Hatua ya 1: Usipasue. Angalia kwa mbali. Damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au njia ya haja, tumbo limevimba upesi, miguu haijakakamaa: hesabu ni kimeta. Hata dalili hizi zisipoonekana, mnyama aliyekufa ghafla asiguswe. Mzoga ukiachwa mzima, vimelea vya kimeta vilivyo ndani hukosa hewa na kufa kadiri unavyooza. Ukiupasua, vinapata hewa na kugeuka spora, yaani vimelea vilivyojifunga ganda gumu, ambazo hukaa ardhini miaka na miaka.

Najua mchezo wa "kuwahi kisu": ng'ombe anakata roho, mtu anampitishia kisu shingoni isionekane kibudu. Jamani, kisu hakitoi kimeta. Na usitegemee sufuria. Aliyechuna huenda ameshaambukizwa kabla moto haujawashwa. Kijana mmoja aliyesaidia kuchuna alinionyesha kidonda kifundoni mwa mkono, hakiumi, katikati cheusi kama mkaa. Yeye alidhani kaumwa na mdudu. Nilimpeleka hospitali siku hiyohiyo, maana kikiwahiwa kinatibika kwa antibiotiki.

Hatua ya 2: Funika, piga simu. Turubai juu ya mzoga, mbwa na kunguru wafukuzwe, watoto wakae mbali. Mwite afisa mifugo wa kata. Sampuli ni damu kidogo tu ya sikioni, nayo huchukuliwa na mtaalamu mwenye glavu, kisha hupelekwa maabara ya veterinari, Temeke.

Hatua ya 3: Okoa waliobaki. Wahamishe kutoka malisho yale. Pima joto kila siku. Mwenye homa atengwe, achomwe penisilini au oksitetrasaiklini. Wazima wapate chanjo ya Sterne, iliyobuniwa Afrika Kusini miaka ya 1930, na irudiwe kila mwaka. Ni chanjo hai, yaani ina bakteria hai waliodhoofishwa, hivyo ukiichanganya na antibiotiki umeiua mwenyewe. Wasipelekwe mnadani "kupunguza hasara" mpaka karantini iondolewe na mtaalamu.

Hatua ya 4: Mzoga. Kuchoma mpaka majivu ndiyo bora, ila kuni zinahitajika nyingi mno. Ukizika, shimo lifike mita 2, liwe mbali na kisima. Kigamboni kuna sehemu unachimba kidogo tu unakuta maji. Hapo usizike, choma. Ziba matundu ya mzoga kwa matambara yenye fomalini, na udongo ulioloa damu uingie shimoni pia. Usiuburute, ubebe juu ya turubai, kisha turubai nalo lichomwe.

Zungushia miiba, weka alama isiyooza. Huku viwanja vinauzwa kila kukicha, na atakayenunua hapo atachimba msingi. Mwambie kabla hajalipa.