Paka uliyemwokota Kampala: mimba ipimwe kwanza, sindano ikataliwe

Ndugu zangu Watanzania na Wakenya mnaoishi Kampala, Entebbe, Jinja na kwingineko Uganda: kama paka jike wa mtaani amehamia kwako, na hujui kama ana mimba au ameshiba mukene (dagaa) tu, soma hapa kabla hujampeleka popote. Ukisahau mengine yote, shika hili: asichomwe sindano ya kuzuia mimba. Asichomwe kabisa, na hasa asichomwe kabla hajapimwa.

Nayasema haya kwa sababu ya Chausiku, paka mweusi aliyeingia kwetu kupitia dirisha la jikoni na kukataa kutoka. Tulimpeleka kliniki tukaomba atolewe kizazi. Kijana aliyetupokea akasema operesheni ni kupoteza pesa, sindano ipo, atatulia miezi kadhaa. Hakumpapasa tumbo. Hakuuliza mara ya mwisho alilia joto, yaani kulilia dume, lini. Alimbana ngozi ya shingo, akachoma, tukalipa kwa simu, tukapewa risiti isiyo na jina la dawa.

Chausiku alikuwa na mimba tayari. Siku zake zilipotimia uchungu haukuja. Alijikunyata nyuma ya mtungi wa gesi, hali, anajilamba nyuma bila kupumzika, hadi ukaanza kutoka uchafu wa rangi ya kahawia wenye harufu. Daktari mwingine alimpasua usiku uleule. Watoto wote walikuwa wamefia tumboni. Mama yao alipona, lakini kwa shida.

Sindano hiyo kwa kawaida ni homoni ya jamii ya projesteroni, ndugu wa ile wanayochomwa akina mama kila miezi 3 kwa uzazi wa mpango. Ili paka azae, projesteroni mwilini lazima ishuke. Ukimwekea ya kukaa muda mrefu, mwili unaendelea kuilinda mimba iliyokwisha kukomaa, na ikishaingia hakuna wa kuitoa. Asiye na mimba naye hayuko salama: sindano hizi zinajulikana kuleta usaha ndani ya kizazi, kuvimba matiti, hata saratani ya matiti. Atakayekwambia ni salama kwa kuwa ni bei nafuu, mshukuru, mchukue paka wako, uondoke.

Sasa utajuaje kama ana mimba? Mimba ya paka huchukua takriban siku 63 hadi 65. Karibu na wiki ya 3 chuchu huwa za waridi na kusimama, manyoya yanayozizunguka yakipungua. Tumbo huonekana kuanzia wiki ya 5 hivi. Lakini tumbo kubwa la paka wa mtaani mara nyingi ni minyoo, kwa hiyo macho pekee hayatoshi. Usimbonyeze tumbo mwenyewe. Daktari mzoefu anaweza kupapasa, na altrasaundi huonyesha mimba kuanzia takriban wiki ya 4. Kunyamaza kwake usiku pia kusikudanganye: aliyekuwa analia na kubinua kiuno, kisha akatulia ghafla, huenda ameshashika.

Mkumbuke pia tunaishi juu ya ikweta. Ulaya majike wengi hupumzika miezi ya baridi, siku zikiwa fupi. Hapa mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, na jike asiyeshika mimba anaweza kurudia joto kila baada ya wiki 2 au 3. Anaweza kuanza akiwa na miezi 4 tu. Anaweza kushika tena huku akinyonyesha. Hivyo usiseme “ana watoto wadogo, hawezi.” Anaweza.

Akikutwa na mimba changa, kizazi kinaweza kutolewa pamoja na mimba. Ni operesheni yenye damu zaidi, nayo ni uamuzi mzito. Mimi naiunga mkono, kwa sababu nimeona watoto wa paka waliotupwa sokoni kwenye boksi, na kuwapatia nyumba ni kazi ngumu. Asiyeweza kulibeba hilo moyoni simlaumu. Basi amfungie ndani azae, watoto waachishwe kunyonya, kisha apasuliwe wiki chache baadaye, na muda wote huo asitoke nje hata mara moja. Mimba ikiwa imekaribia kuzaliwa, mwachie daktari aamue.

Na wazee wetu nyumbani? Shangazi yangu wa Mwanza kila akipiga simu anasema, “Mwache azae mara moja ndipo atulie.” Shikamoo shangazi, nakupenda, lakini hakuna faida yoyote ya kiafya kwa paka kuzaa kwanza. Akitolewa kizazi kabla ya joto la kwanza, hatari ya saratani ya matiti hupungua sana. Na tafadhali msituagize kumpa Panadol akiumwa. Ini la paka haliwezi kuivunja, inaua.

Nyumbani tumezoea kumwita bwana mifugo wa kata, anakuja na mkoba wake, mnaelewana. Hapa mjini utakuta maduka mengi ya dawa za mifugo, na wengi walio nyuma ya kaunta wanajua kuku, nguruwe na ng'ombe kuliko paka. Halafu kuna huu uungwana wa Waganda, ambao mimi nauheshimu sana: mtu atakusalimu, atakuuliza habari za nyumbani na za safari, na hatapenda kukwambia “sijui” mbele ya wengine. Atakupa kilichopo. Ndiyo maana wewe uulize, kwa adabu ileile: “Ssebo (yaani bwana), wewe ndiye daktari? Umesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Uganda?” Daktari wa kweli hachukii swali hilo. Ukikosa pa kuanzia, ulizia chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere au chama cha kutetea wanyama, USPCA.

Mengine ni ya kawaida: chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, kufunga kula kama daktari atakavyoelekeza kabla ya nusukaputi, na kumzuia asilambe mshono kwa siku 10 hadi 14. Akikung'ata kabla hajachanjwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya operesheni usiondoke bila karatasi yenye jina la daktari, majina ya dawa alizopewa, na maandishi kwamba kizazi na ovari (vifuko vya mayai) zote mbili zimetolewa. Kipande cha ovari kikibaki, joto litarudi, na daktari mwingine atahitaji kuiona karatasi hiyo kabla hajamgusa.