Kuchagua mashine ya kupimia gari la kifahari la zamani

Wenye Mercedes-Benz, BMW na Toyota Crown za zamani wanaofika gereji kwetu hapa Tabora huuliza kwanza bei ya mashine ya kupimia, yaani kifaa kinachochomekwa kwenye gari kusoma hitilafu kutoka kwenye kompyuta zake. Ningependa waanze na gari lenyewe, kwa sababu mashine inayosoma vizuri gari moja inaweza isipate jibu lolote kwenye jingine, na iliyoagizwa kutoka Kariakoo si rahisi kuirudisha.

Hatua ya kwanza ni kutafuta soketi ambamo mashine huchomekwa. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2, utaratibu wa pamoja wa gari kujichunguza na kutoa hitilafu zake, wenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Kwa hiyo Mercedes-Benz nyingi za miaka ya 1990, kama toleo la W140, zina soketi ya duara yenye pini 38 chini ya boneti, na BMW za wakati huo zina ya pini 20. Hizo zinahitaji waya wa kuunganishia pamoja na mashine inayoifahamu mifumo ya zamani ya kampuni husika, kwani waya peke yake haufanyi mashine ielewe kinachosemwa na gari.

Hatua ya pili, washa tochi uchungulie ndani ya soketi ya pini 16. Ukiona shaba kwenye tundu la 6 na la 14, huenda gari linatumia CAN, njia mpya zaidi ya kompyuta za gari kuwasiliana. Ikiwa iko kwenye la 7 tu, basi yaelekea ni mawasiliano ya zamani ya K-line. Crown zilizotengenezwa kwa soko la Japani zichunguzwe kwa uangalifu zaidi, maana baadhi zina soketi hiyo hiyo lakini hazijibu mashine ya kawaida ya OBD2.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: orodhesha kazi unazotaka mashine ifanye. Vifaa vidogo vya bei nafuu kwa kawaida husoma injini tu, ilhali gari la kifahari husumbua zaidi kwenye ABS (mfumo wa kuzuia tairi kujifunga unapopiga breki), mifuko ya hewa, giaboksi na sasipensheni ya hewa. Chukua Mercedes-Benz za toleo la W211 za mwanzo, zenye breki za SBC, yaani breki zinazoendeshwa kwa umeme na pampu. Pampu yake inaweza kujiwasha yenyewe mlango unapofunguliwa na kusukuma pistoni za breki kwa nguvu ya kuumiza vidole vya fundi, hivyo mfumo huo huzimwa kwa mashine kabla ya kubadilisha pedi. Mashine isiyoweza kuuzima haifai kwa mwenye gari hilo, hata kama inafuta taa ya injini.

Hatua ya nne, ijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Fanya hivyo asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha: washa swichi bila kupiga stata, kisha fungua takwimu za papo hapo na ulinganishe joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia. Namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana. Baada ya hapo ingia kwenye ABS na mifuko ya hewa. Muuzaji akiwa mbali, mtumie namba ya chesisi na orodha yako ya kazi, umtake athibitishe kwa maandishi kila kazi moja moja.