Himoglobini iko sawa, lakini chuma je?

Mzee akiniambia, "Binti yangu, siku hizi nikishuka feri Likoni, ule mlima naupanda kwa vituo vitatu," siulaumu moyo peke yake. Mwenye moyo dhaifu wa muda mrefu huweza kupungukiwa madini ya chuma hata himoglobini yake, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa nzuri. Kwa hiyo mimi huandika vipimo viwili vya damu pamoja: feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, na asilimia ya transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu, iliyojaa chuma.

Feritini chini ya nanogramu 100 kwa mililita, upungufu upo, basi. Kati ya 100 na 299 ndipo tunapojikwaa. Feritini hupanda mwili ukipambana na maradhi, na moyo ulioshindwa ni maradhi tosha, hivyo namba hudanganya. Hapo tazama transferini: chini ya asilimia 20, chuma hakitoshi. Mimi mwenyewe niliwahi kumruhusu mama mmoja aende nyumbani kwa feritini ya 180, bila kipimo cha pili. Akarudi anahema vilevile.

Kisha uliza chuma kinapopotelea: choo cheusi, hedhi nzito, dawa za kuzuia damu kuganda. Vidonge vya chuma kwa wagonjwa hawa havifui dafu. Chuma hutiwa kwa mshipa. Maini ya soko la Marikiti ni matamu, ila pengo hilo hayalizibi.