Kutengeneza Shanga za Kioo kwa Unga wa Chupa: Mwongozo kwa Anayejifunza Mwenyewe

Kwa karne nyingi shanga za kioo zilifika pwani yetu kwa majahazi kutoka India, baadaye zikaja za Venice na za Bohemia, na hata leo sehemu kubwa ya shanga ndogo ambazo wanawake wa Kimasai hutunga kwenye mikufu yao hutoka Jamhuri ya Cheki. Kutunga tunakujua sana. Kuunguza ushanga wenyewe ndiko tulikowaachia wengine. Anayetaka kujifunza kazi hiyo bila mwalimu namshauri aelekeze macho Ghana, kwa Wakrobo wa Odumase na Somanya, ambao hutengeneza shanga zao kwa chupa kuukuu zilizotwangwa kuwa unga, kalibu za udongo na vikonyo vya majani ya muhogo, kisha huzipeleka mnadani Koforidua kila Alhamisi.

Ipo njia nyingine, ya kuyeyusha ufito wa kioo kwenye mwale wa gesi na kuuzungushia kijiti cha chuma, nayo ndiyo inayoonyeshwa zaidi kwenye video. Sikatai uzuri wake, lakini mara nyingi hudai mtungi wa oksijeni, kichomeo cha gesi cha gharama na fito za kioo zinazoagizwa nje, na kosa la nukta moja huharibu kazi yote. Unga humpa mwanafunzi nafasi ya kufikiri kabla moto haujawashwa.

Anza na chupa, na uchague aina moja tu. Kioo hutanuka kikipata joto na hujikunja kikipoa, na kila aina ina kiasi chake. Ukiunganisha vioo viwili visivyolingana ndani ya ushanga mmoja, vitavutana hadi upasuke. Mimi niliwahi kupanga tabaka za unga wa chupa ya soda na za glasi nyekundu ya kunywea, shanga zikatoka za kupendeza, na siku ya tatu nikazikuta sahanini zimegawanyika katikati. Tangu hapo hukusanya chupa za kinywaji kimoja, za kiwanda kimoja, na rangi huipata kwa kuongeza kiasi kidogo cha rangi za wafinyanzi zinazostahimili moto, kama ile ya kobalti inayotoa buluu. Rangi hizo baadhi yake ni sumu zikivutwa au zikimezwa, kwa hiyo zisipimwe kwa kijiko cha jikoni. Bakuli za kuokea na vioo vya taa viache kabisa, kwa kuwa vingi vyake huyeyuka kwa joto kubwa zaidi.

Osha chupa, bandua karatasi na gundi yote, kisha uzitwange. Kinu cha mti hakifai; Wakrobo hutumia kinu cha chuma na mchi mzito wa chuma, na fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa kipande cha bomba nene kilichozibwa chini. Funika mdomo wa kinu kwa turubai lenye tundu la mchi, vaa miwani ya kinga, na vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, kwa sababu leso haitoshi kulizuia. Vumbi hili huumiza mapafu polepole bila kuonyesha dalili mapema, basi twanga nje, nyunyizia maji kidogo, wala usifagie pakavu. Unga ukishakauka pitisha sumaku ili kuondoa chembe za chuma, ambazo huacha madoa meusi, kisha uchekeche katika daraja mbili: laini kama unga wa ngano na chenga kama sukari. Daraja hizi zina maana kubwa. Unga laini hunasa viputo vingi vidogo, hivyo ushanga hutoka mzito usiopenyesha mwanga, ilhali chenga hutoa ushanga unaoangaza kama maji.

Kalibu ni bamba la udongo wa mfinyanzi lenye vishimo vya ukubwa wa shanga unazotaka, na katikati ya kila kishimo kuna kitundu kidogo cha kusimamishia kikonyo. Ikaushe kivulini kwa siku kadhaa na kuichoma tupu kwanza, maana udongo wenye unyevu hupasuka motoni. Kabla ya kila uchomaji, paka vishimo udongo mweupe wa kaolini, ule unaopatikana kwa wingi vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, uliokorogwa kama uji mwepesi. Ukisahau mpako huo, kioo kitashikamana na kalibu, na utalazimika kuivunja ili upate ushanga.

Sasa kikonyo. Anayechambua kisamvu huvitupa. Wewe viokote, vikaushe, uvikate kwa urefu wa kishimo na uvisimamishe kwenye vitundu. Motoni kikonyo husimama kwa muda wa kutosha unga ushikane, kisha huteketea na kuacha tundu la uzi. Jaza unga kwa kijiko kidogo, tabaka kwa tabaka kama unataka mistari, ukigongagonga kalibu taratibu ili unga ujipange. Jaza hadi ukingoni, kwa kuwa utashuka sana ukiyeyuka.

Tanuri dogo la umeme lenye kipima joto humrahisishia mwanafunzi kazi, lakini tanuri la kuni la Wakrobo, linalojengwa kwa udongo wa kichuguu, limelea mafundi vizazi na vizazi. Lengo ni joto la kati ya nyuzi 750 na 850 za Selsiasi. Usiitegemee saa peke yake. Chungulia ukiwa umevaa miwani: mwanzoni unga huonekana kama sukari iliyolowa, kisha chenga huanza kung'aa na kingo zake kulainika, na mwishowe uso hushuka na kuwa laini. Kati ya hatua ya pili na ya tatu kuna dakika chache, na hizo ndizo utakazojifunza kwa kuharibu kalibu mbili tatu. Ukizitoa mapema, shanga hubaki na ukwaru na kumomonyoka. Ukichelewa, tundu huziba. Andika kwenye daftari chupa uliyotumia, ukubwa wa chenga, muda na rangi ya moto, hata siku ambayo hakuna kilichofaulu.

Kupoza kunahitaji subira kuliko kuchoma. Kioo cha chupa kinapaswa kukaa kwa muda karibu na nyuzi 550 na kushuka polepole. Mwenye tanuri la umeme aliweke katika joto hilo nusu saa, kisha alizime bila kulifungua hadi kesho yake. Mwenye kuni azifukie kalibu kwenye majivu ya moto. Usizimwagie maji, na usizitoe ili kumwonyesha jirani.

Ukishaumudu unga, jaribu vipande vya chupa vizima ndani ya kishimo kisicho na kikonyo. Hivi hutobolewa vikingali laini kwa moto: kalibu ikitolewa, fundi hudunga kila ushanga kwa msumari mrefu wenye mpini wa mti huku akiuzungusha, na ushanga hujiviringa wenyewe. Ni kazi ya kasi na ya hatari, basi usiianze kabla mikono haijazoea koleo na glovu.

Mwisho sugua shanga juu ya jiwe bapa kwa mchanga na maji, kwa kiganja, hadi mpako mweupe utoke na pande zilingane. Safisha tundu kwa waya, na ukingo wake uulainishe vizuri, kwani kioo chenye ncha hukata uzi siku ambayo mvaaji hana habari. Tope linalobaki lisimwagwe kwenye sinki, kwa kuwa huganda ndani ya bomba. Liache litulie kwenye ndoo, mwaga maji ya juu, kisha lifukie mbali na mahali watoto wanapocheza.