Somo: Kutembea kwenye ardhi yenye mawe na mashimo bila kuanguka

Mtu anayetembea huwa anaanguka kidogo katika kila hatua. Uzito wa mwili unavuka mbele ya unyayo uliokanyaga, na mguu wa pili unawahi kuupokea. Sakafuni hatulioni hilo. Penye mawe na mizizi tunaliona, kwa sababu mguu unaowahi haujui utakuta nini. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuchagua mahali pa kukanyaga; kujikaza baada ya kukanyaga vibaya ni kuchelewa.

Hatua ya 1: Tazama mbele, si vidoleni. Jonathan Matthis na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2018, walipima macho ya watu wakitembea njia mbovu. Waliona kuwa watu hutazama kama hatua mbili au tatu mbele, yaani takriban sekunde 1.5 kabla ya kufika. Jiwe lililo chini ya mguu tayari huwezi kulifanyia lolote. Lile la hatua mbili mbele bado unaweza kulikwepa bila kuvunja mwendo.

Hatua ya 2: Fupisha hatua, tanua miguu kidogo, kunja magoti kiasi.

Hatua ya 3: Kanyaga kwanza, uzito ufuate. Unyayo una mifupa 26, na viungo vyake hujipinda kufuata umbo la ardhi ukiviachia. Wengi hukaza kifundo kwa woga, na hapo kila kokoto linautikisa mwili mzima. Jiwe likicheza, rudisha uzito kwenye mguu wa nyuma.

Hatua ya 4: Mikono iwe huru. Mifukoni haina msaada.

MASWALI

Mwalimu, mbona gizani napepesuka hata njia niliyoizoea?

Mizani ya mwili hutegemea macho, sikio la ndani, na hisia za misuli, viungo na nyayo. Gizani macho yamejitoa. Sikio la ndani linakuambia kichwa kimeinama au kimegeuka, lakini halijui shimo liko wapi. Shika tochi chini, usawa wa kiuno: mwanga wa pembeni huyapa mawe vivuli. Tochi ya kichwani hufuta vivuli hivyo, ardhi ikaonekana tambarare.

Kifundo kikianza kupinda, siwezi kukizuia kwa nguvu?

Mara nyingi hapana. Misuli ya upande wa nje wa mguu huanza kuitika baada ya milisekunde 50 au zaidi, na nguvu yenyewe huja baadaye kidogo. Kano zinaweza kuwa zimeshavutika. Legeza goti la mguu huo upesi, hamishia uzito mguu wa pili.

Nachoka haraka kuliko barabarani. Ni uzembe wangu?

Hapana, ndugu. Mwaka 2013 Alexandra Voloshina na wenzake walipima watu kwenye sakafu yenye vinundu vya hadi sentimita 2.5 tu, na matumizi ya nishati yakapanda kwa asilimia 28. Nyonga na magoti hufanya kazi ya ziada.

Fimbo inafaa, au ni ya wazee?

Inafaa kwa yeyote, hasa mteremkoni. Inakuongezea sehemu ya kuegemea, na hata ukiigusisha chini kwa wepesi, mkono unapata habari za ardhi. Ukishuka, itangulize kabla ya mguu.