Jinsi ya kujitengenezea na kuprinti orodha ya bei za saluni yako

Wenye saluni ndogo wa Moshi na Arusha hii ni yenu. Saluni nyingi ukiingia, iwe Majengo, Pasua au huko Ngarenaro, bei hazipo ukutani kabisa, mteja anakaa anasukwa masaa manne ndo anaambiwa ni shilingi ngapi, hapo lazima sura zibadilike. Au karatasi ipo ila imeandikwa kwa peni, imepauka, nusu ya bei zimekatwa juu zimeandikwa nyingine. Bei ikiwa ukutani mteja anajua mapema kama hela yake inatosha, na wewe ukiwa umeenda Mbuyuni kununua vitu yule binti uliyemwachia saluni hataji bei ya kichwani mwake.

Anza na daftari, simu iache kwanza. Andika kila kazi unayofanya: kusuka, kuosha, kuseti, kuweka dawa, kuritachi, stimu, wivingi, dredi, kucha, kope, kutinda nyusi, kumbana bibi harusi. Halafu kwa kila moja jiulize hiyo bei ndani yake kuna nini. Hapa ndo ugomvi wote wa saluni unapoanzia jamani, sio kwenye bei yenyewe. Ukiandika "Rasta 30,000" mmoja anaelewa ni pamoja na rasta, mwingine anaelewa ufundi tu rasta aje nazo, wa tatu kaja na nywele za zamani kichwani anategemea utamfumua na kumuosha humo humo. Wote watatu wana haki kwa sababu karatasi yako haijasema. Kwa hiyo kwenye kusuka weka bei mbili, ya ufundi tu na ya pamoja na rasta, na kufumua ipe mstari wake. Na urefu pia, usiandike ndefu na fupi maana kila mtu ana ndefu yake, andika mabegani, mgongoni, kiunoni. Kitu kama hiki, namba nimeweka za mfano tu:

Twende kilioni (bila rasta) – 5,000/=
Rasta ndogo, mpaka mgongoni, ufundi tu – 30,000/=
Rasta ndogo, mpaka mgongoni, na rasta zetu – 45,000/=
Kufumua – 5,000/=
Kuosha na kuseti – 8,000/=
Kuweka dawa, dawa yetu – 15,000/=
Kuweka dawa, uje na yako – 8,000/=

Epuka neno "kuanzia" kwenye kila mstari. Sehemu moja mbili sawa, mfano kumbana bibi harusi ambako kweli inategemea, lakini ikijaa kila mahali mteja anaona hujasema bei yoyote. Bei andika kamili na sifuri zake zote, 15,000/=, mama wa makamo aliyekuja kuseti nywele za kipaimara cha mwanae asianze kukisia 15K ni nini.

Sasa ndo ushike simu au kompyuta. Canva ya bure (app ya kutengenezea matangazo) inatosha, Word nayo inatosha kabisa. Kama ni Word tengeneza jedwali la safu mbili, kazi kushoto bei kulia, bei zivutwe upande wa kulia ili sifuri zikae chini ya sifuri, ukimaliza ondoa mistari ya jedwali. Usipange kwa kubonyeza nafasi nafasi nafasi, ukibadilisha neno moja tu kila kitu kinahama. Canva wewe chagua saizi mwanzoni kabisa: A4 ni milimita 210 kwa 297, A3 ni mara mbili yake, 297 kwa 420. Ukianza na saizi ya posti ya Instagram halafu ukaenda kuprinti A4 lazima itabaki nafasi nyeupe au itakatwa.

Herufi chagua za kawaida zilizonyooka. Zile za kujipinda pinda tumia kwenye jina la saluni peke yake. Kazi zipange kwa mafungu, nywele, kucha, uso, kichwa cha fungu kikolee kidogo, na usiandike orodha nzima kwa herufi kubwa inachosha macho. Rangi najua wengi mnapenda pinki na dhahabu, sawa, ziweke kwenye jina na kwenye mstari wa juu, ila maandishi yawe meusi kwenye karatasi nyeupe. Dhahabu ya kwenye simu inang'aa, ikitoka kwenye printa inakuwa kahawia ya ajabu. Na ukijaza karatasi nzima rangi nzito wino unaenda mwingi, ikitokea steshenari wanachaji zaidi kwa ukurasa uliojaa usishangae. Acha pia kama sentimita moja kila upande bila kitu, printa nyingi haziprinti mpaka ukingoni.

Picha za mitindo kama unataka weka za kazi zako mwenyewe na muombe mteja ruhusa. Picha ya kuchukua mtandaoni mtu atakuonyesha kidole anataka ile ile.

Ukimaliza hifadhi kama PDF. Hii usiipuuze, maana ukipeleka faili la Word na kompyuta ya steshenari haina ile fonti yako, yenyewe inaweka nyingine na bei zinarukia mstari wa chini. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa inatoka na ukungu. Kabla ya rangi omba kopi moja ya nyeusi na nyeupe, irudishe saluni, ibandike ukutani kisha kaa kwenye kiti cha mteja uisome. Ukikunja macho ongeza ukubwa wa herufi au hamia A3. Mpe na mtu mwingine aisome bei kwa sauti, sifuri moja ikizidi utaijua hapo.

Uliza printa yao ni ya wino wa maji au ya toner, yaani wino wa unga. Ya wino ikiguswa na maji inachuruzika, na saluni ni maji na stimu kutwa, toner inavumilia zaidi. Zote mbili walamineti. Waambie waache ukingo wa plastiki kuzunguka karatasi yote, wakikata sambamba na karatasi maji yanaingia pembeni na ndani ya muda inavimba.

Bei zinabadilika, rasta zikipanda na wewe unapanda, sasa ulamineti upya kila mara? Hapana, printi orodha yenye majina ya kazi tu, upande wa bei acha wazi, lamineti, kisha bei andika kwa maka pen ile isiyofutika kwa maji. Siku ya kubadilisha pamba yenye spiriti inafuta, unaandika upya. Kwa Desemba mimi nashauri karatasi tofauti kabisa. Watu wanarudi nyumbani Krismasi, Moshi nzima inafurika na saluni zinajaa usiku kucha, kama bei zako za sikukuu ni tofauti ziandike zenyewe na tarehe zake za kuanza na kuisha, uzibandike mapema. Mteja wako wa mwaka mzima akizikuta mdomoni tu anaumia.

Wa Arusha mnaosuka watalii, bei ziwe za shilingi. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei za bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ile safu ya dola itoe. Chini ya karatasi weka Lipa Namba pamoja na jina linalotokea mteja akilipa, ahakikishe kabla hajabonyeza.

Ibandike pale mteja anapoingia, sio nyuma ya drayeri, na mbali na dirisha linalopigwa jua maana rangi inapauka. A5 (nusu ya A4) mbili tatu ziwe mezani kwa wanaosubiri. PDF yenyewe jitumie kwenye imeili na uipe jina lenye mwezi na mwaka, na pale steshenari waombe waifute kwenye mashine yao.