Jinsi ya kuishi Marekani na watu wa kila dini na kila lugha bila kukanyagana

Kitu cha kwanza, ile picha ya Mmarekani uliyoijua kwenye muvi iache airport. Karibu mtu mmoja kati ya watano kule nyumbani kwake anaongea lugha nyingine sio Kiingereza, Kihispania ndo kinaongoza kwa mbali, halafu ukienda Dearborn kule Michigan mabango ya maduka yana Kiarabu, mtaa wa Cedar-Riverside pale Minneapolis Wasomali ni wengi utadhani upo Mogadishu, na Lancaster kule Pennsylvania kuna Waamish, Wakristo wanaoishi kizamani, na mikokoteni yao ya farasi wanaongea lahaja ya Kijerumani na hao babu zao walifika karne ya 18, sio wageni wa juzi. Kwa hiyo hiyo lafudhi yako isikunyime usingizi.

Sasa kosa letu kubwa ni kunyamaza. Sisi tumelelewa kwamba mgeni awe na adabu, unatulia unasubiri wenyeji waione shida yako wenyewe. Eti kimya kingi kina mshindo mkuu, kule kimya kingi ni kimya tu, hakuna anayekisikia. Haki nyingi za kule zinaanza kufanya kazi ukishafungua mdomo.

Mfano hospitali. Siku unapiga simu kuchukua miadi, palepale sema unataka mkalimani, ni bure, hospitali inayopokea hela za serikali kuu haitakiwi kukutoza. Na usimburuze mtoto wako wa darasa la 5 akutafsirie, sheria yenyewe inakataa kutumia watoto isipokuwa ni dharura, tena fikiria mwenyewe mtoto anamtafsiria mama yake habari za uzazi, aibu tupu. Halafu jambo ambalo watu hawaambiani: taja Kiswahili chako ni cha wapi! Wakalimani wengi wanakuja kwa simu, akipewa mtu wa Mombasa na mgonjwa ni mama wa Uvira, mashariki ya Kongo, kuna maneno yatapotea njiani, na wengine lugha yao hasa ni Kifuliiru au Kibembe, Kiswahili wanajisogeza nacho tu. Kama hamuelewani sema hamuelewani, usiitikie ndiyo ndiyo halafu ukafika nyumbani hujui dawa unakunywa mara ngapi. Mimi niliwahi kuitikia hivyohivyo, sirudii.

Kazini nako hivyohivyo. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inambana mwajiri mwenye wafanyakazi 15 na kuendelea, akupe nafasi ya ibada yako kama haimletei mzigo mkubwa, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Groff, Mkristo wa posta aliyekataa kufanya kazi Jumapili, ikasema usumbufu mdogo mdogo sio sababu ya kukunyima. Hiyo imemsaidia Msabato wa Jumamosi na Muislamu wa Ijumaa pia, ndo raha ya ile nchi, kesi ya mmoja inafungua mlango wa mwingine. Ila usiende kwa bosi ukasema tu mimi ni Muislamu, atakuangalia hajui afanye nini. Mwandikie imeili, sema nahitaji dakika 10 saa saba mchana, nitazifidia jioni, na imeili yenyewe itunze.

Shule za serikali mwalimu haruhusiwi kuongoza sala darasani lakini mtoto kusali mwenyewe kimyakimya hakuna wa kumzuia. Jiji la New York shule zinafungwa Iddi tangu 2015, sehemu nyingi hazifungwi, kwa hiyo andika barua shuleni mapema kumuombea mtoto ruhusa.

Kuhusu lugha, ndiyo, Machi 2025 Rais Trump alisaini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi, na ikafuta ile amri ya mwaka 2000 iliyozitaka ofisi za serikali kuu kuwasaidia wasiokijua. Maana yake ofisini uliza mapema kama wana mkalimani, haimaanishi ukiongea Kiswahili kwenye basi umevunja sheria. Watu walitishana sana WhatsApp.

Na wewe pia usikisie watu. Sio kila anayeongea Kihispania ni Mmexico, Mpuertoriko, yaani mtu wa kisiwa cha Puerto Rico, ni raia wa Marekani tangu 1917, usimuulize viza aliipataje. Mtu akiweka mkono kifuani badala ya kukupa mkono, anaweza kuwa Myahudi wa Orthodox, wale wanaoshika sana dini, au Muislamu, hajakudharau, itikia hivyohivyo. Na dini ya mtu usimuulize siku ya kwanza, swali la kawaida kwetu kule linamkaza mtu, subiri alitaje mwenyewe.

Chakula ndo pazuri. Kazini wakisema kila mtu alete sahani yake, yaani chakula cha kula pamoja, pika unachokiweza ila weka kikaratasi pembeni, andika kina nyama gani, kina karanga au hakina, maana Mhindu hali ng'ombe, Myahudi na Muislamu hawali nguruwe, kuna wasiokula nyama kabisa, na karanga zinaweza kumuua mtu kweli. Ukipeleka sambusa za aina mbili, za nyama na za dengu, usizichanganye sahani moja, na kijiko cha kupakulia weka viwili.